Mvinyo wa Shangazi Una Homa

Hivi kijana mwenzangu, ukisikia mtu anatengeneza mvinyo mwekundu nyumbani kwake, unapata picha gani? Wengi watasema Wazungu wa kwenye sinema, wamevua viatu wanakanyaga zabibu huku wakicheka. Wengine watasema Dodoma, maana huko ndiko zabibu ziliko. Sawa, Dodoma ni Dodoma, sina ubishi. Ila leo naomba tupande mlima kidogo, twende Lushoto, ambako watu wanatengeneza mvinyo mwekundu wa plamu, na ukiuonja umefumba macho unaweza kubishana na mhudumu kuhusu umetoka wapi.

Na katika mvinyo huo nataka kuzungumzia kitu kimoja tu, ambacho hakuna anayekisifia mezani: joto. Siyo joto la Dar, hilo tunalijua na limetuchosha. Nazungumzia joto la ndani ya pipa.

Kwa wale ambao hawajafika, ukiwa kwenye barabara kuu ya Dar kwenda Arusha, unakata kona pale Mombo na kuanza kupanda. Ni kilomita thelathini na kitu za kona tupu. Mombo unaacha shati limelowa jasho, ukipita maporomoko ya Soni unafunga dirisha, na ukifika Lushoto mjini, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, unaulizia sweta. Wajerumani waliupenda ubaridi ule hadi mji wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Wenyewe wakaondoka, ubaridi ukabaki, na matunda ya nchi za baridi yakabaki pia: plamu, pichesi, peasi. Kuanzia kama Desemba mpaka Februari plamu zinajaa mpaka nyingine zinaozea chini ya miti. Mtu mwenye akili akiona tunda linaoza, anafikiria pipa.

Mambo ya mvinyo kule si ya jana. Watawa Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, wamejijengea jina kwa makadamia na mvinyo. Masista wa Ubiri, pale Lushoto, wanajulikana kwa jibini, jamu na mvinyo wa ndizi. Wageni wengi wameshuka mlima ule na chupa ndani ya begi, zimeviringishwa kwenye fulana zisivunjike.

Sasa nije kwa shangazi yangu. Jina lake nalificha maana bado nataka kukaribishwa kwake. Anakaa kijiji kimoja juu ya Soni, na kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza mvinyo wa plamu kwenye ndoo ya lita 20, moja au mbili kwa msimu, za kunywa Krismasi na za kumpa mgeni wa heshima. Hapimi kitu. Plamu anazikadiria kwa macho, sukari kwa kiganja, na joto analisoma kwa kuweka mkono ubavuni mwa ndoo kama mtu anayempapasa mtoto paji la uso. Na mvinyo wake ulikuwa bomba, usipime.

Kasheshe ilianza binti yake, binamu yangu, alipochumbiwa. Sendofu ikapangwa baada ya Pasaka. Si mnazijua kamati zetu? Mwenye ukumbi anataka fedha, mwenye muziki anataka fedha, mpambaji ndiyo usiseme. Katika kikao cha Januari, shangazi akasimama mbele ya wakwe watarajiwa na kutamka kwamba suala la mvinyo wa meza zote aachiwe yeye. Watu wakapiga makofi. Akachukua mkopo kwenye kikoba chao, akanunua kilo 70 za plamu zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi, mfuko wa sukari wa kilo 25, na pipa la bluu la plastiki la lita 200. Pipa akaliweka mahali pale pale alipozoea kuweka ndoo yake: chumba cha nyuma, ubavuni mwa ukuta wa jiko la kuni.

Mimi nilikuwa nimepanda kutoka Dar kumsaidia kutoa kokwa. (Kokwa zinatolewa nzima, usizitwange. Ndani ya kiini chake mna kitu ambacho mwishowe kinatoa sumu ya sayanaidi, na hakuna sababu ya kukibeba ndani ya kinywaji.) Tulijaza pipa kiasi cha lita 140 za rojo, shangazi akatia hamira, akafunika kwa kitambaa safi, akaliombea dua fupi.

Lazima nieleze kinachotokea mle ndani, vinginevyo mtaona nawapigia hadithi. Hamira ni viumbe hai, Mfaransa Louis Pasteur alilithibitisha hilo miaka ya 1850 na 1860. Viumbe hao wanakula sukari, wanatoa pombe na hewa ya ukaa, na wakati wanakula wanatoa joto kama vile wewe unavyotoa jasho ukicheza mpira. Wataalamu wanakadiria kwamba kila asilimia moja ya sukari inayogeuzwa inaweza kupandisha rojo kwa nyuzi 1.3 hivi, kama joto lote lingebaki ndani. Rojo letu lilikuwa na sukari kama asilimia 23, ya tunda na ya mfuko kwa pamoja. Piga hesabu: karibu nyuzi 30 za nyongeza! Ukianza na 22, unaelekea 52. Kwa bahati joto halibaki lote, linatoroka kupitia ubavu wa chombo.

Hapo kwenye kutoroka ndipo kwenye siri. Ndoo ya lita 20 ina ubavu mkubwa ukilinganisha na kilichomo, kwa hiyo joto linakimbia kama wanafunzi waliosikia kengele. Pipa lina tumbo. Kilichopo katikati kiko mbali na ubavu, halafu plastiki yenyewe ni nene. Ndiyo maana mtu anaweza kutengeneza mvinyo mzuri wa ndoo miaka kumi mfululizo, siku akihamia pipa mambo yakamgeukia, na ukimuuliza anaapa hajabadilisha kitu. Ni kweli hajabadilisha kitu, ila ukubwa.

Mwaka uliotangulia, kijiji cha pili, pipa la mzee mmoja liligeuka siki lote. Maneno yaliyozunguka baada ya hapo mnayajua: kijicho, jirani ana mkono mbaya, kuna mtu alipita pale akiwa na roho yake. Shangazi mwenyewe aliniambia habari hiyo kwa sauti ya chini, huku anatazama mlango.

Mimi nilikuwa na kipimajoto ndani ya begi. Ni kile cha watu wa maziwa, mkuki wa chuma wenye saa ndogo juu yake, nilikuwa nimekinunua Dar kwa mambo yangu ya mtindi. Kwa wanaokaa Lushoto hakihitaji safari ya Dar, kwa sababu kule kuna ng'ombe wa maziwa, na wanaoshughulika na mtindi na jibini hawakai bila kipimajoto. Tafadhali usichukue kile cha hospitali. Cha kioo kinaanza kusoma nyuzi 35, yaani kinaamka wakati wewe umeshachelewa, na kikivunjika ndani ya pipa, zebaki yake ni sumu. Mwaga yote.

Ukikinunua, kijaribu kwanza. Kitie kwenye maji yenye barafu iliyopondwa, kisome sifuri. Wengine wanakijaribu kwenye maji yanayochemka wakitegemea kusoma 100. Sasa sikiliza wewe wa milimani: kule Lushoto maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Kwa hiyo kikisoma 95 usikirudishe dukani ukamtukana Mpemba wa watu. Kipimajoto ni kizima, mlima ndio uko juu. (Na ndiyo sababu mojawapo maharage ya kule yanakaa jikoni mpaka unakata tamaa.)

Jioni ya siku ya kwanza tulisoma 22. Asubuhi ya pili, 25. Maganda yalikuwa yamepanda juu na kutengeneza kofia nene nyekundu, hewa inachomoza pembeni kwa sauti kama ya mvua ya mbali. Shangazi alifurahi. Saa kumi jioni, 29. Nikamwambia, "Shangazi, linapanda." Akaweka mkono ubavuni mwa pipa. "Mwanangu, hili limepoa kabisa. Hicho kisu chako kinadanganya."

Sikumjibu. Shangazi ni shangazi, na mimi pale ni mtoto wa kaka yake.

Saa nne usiku nikarudi na tochi. Sasa hapa nieleze namna ya kupima, maana wengi wanachovya juu na kuondoka. Pima sehemu mbili. Kwanza choma katikati ya ile kofia ya maganda, kwa sababu kwenye mvinyo mwekundu huko ndiko kunakowaka kuliko kwingine: maganda yameshikana, hamira imejazana, na hakuna maji yanayopita kuondoa joto. Kisha teremsha mkuki mpaka chini ya kofia, kwenye maji yenyewe. Andika zote mbili pamoja na saa. Usiku ule kofia ilisoma 33, na chini 30. Tofauti ya nyuzi tatu ndani ya pipa moja!

Kwani 33 ina ubaya gani? Kwa mvinyo mwekundu wataalamu wanapenda uwe kati ya 20 na 30. Joto kidogo ni zuri kwa sababu linatoa rangi kwenye maganda, na mtu anayechachua mvinyo mwekundu kwenye ubaridi mkali atapata kitu chenye rangi ya juisi ya watoto. Lakini ukifika 35 hivi, hamira inaanza kuzidiwa, hasa pombe ikiwa imeshaanza kuwa nyingi, maana pombe na joto vikiungana vinaiangamiza. Ikilala njiani, sukari inabaki, na bakteria wa siki hawana shida na joto, wao ndiyo wanasema karibu. Lile pipa la mzee wa kijiji cha pili sikulipima, lakini kijicho ningekiweka mwisho wa orodha ya washukiwa.

Na si sisi tu. Mwaka 1947 kule Bordeaux, Ufaransa, wakati wa mavuno joto lilikuwa kali mno, na watu wenye majina makubwa duniani walihangaika kutia barafu kwenye mapipa ili uchachukaji usisimame. Siku hizi viwanda vikubwa vinazungusha maji ya baridi kwenye kuta za matangi yao. Shangazi hana tangi lenye mabomba. Ana pipa la bluu na deni la kikoba.

Nikamwamsha. Akatoka amejifunga kanga, amekasirika. Nikamwomba jambo moja tu: anawe mikono vizuri, kisha asiguse pipa, auzamishe mkono ndani ya maganda. Akanitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu. Akanawa, akakunja mkono wa gauni, akauzamisha mpaka kwenye kiwiko. Alinyamaza kwa muda. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Lina homa."

Baada ya hapo sikutoa amri hata moja, yeye ndiye aliyekuwa jenerali. Mimi nilikuwa nafikiria barafu, lakini kijijini usiku ule hakukuwa na umeme, na nani ana friji ya kugandisha chupa sita? Shangazi akapata jibu kwa njia yake mwenyewe. "Kwani lilipokuwa kwenye ndoo liliwahi kuumwa?" Akauliza, na hapo hapo akaanza kutoa ndoo. Nyumbani zilikuwepo nne. Nikatumwa kwa majirani kuamsha watu. Nyumba ya kulia ni Waislamu safi, kama walivyo wengi kule, kwa hiyo hapo sikubisha hodi. Huwezi kumwazima mtu ndoo ya kutawadhia ukaweke mvinyo, kila kitu na heshima yake. Nyumba ya kushoto walitoa mbili, mwalimu mmoja mstaafu mbili, na katibu wa kamati ya sendofu, aliyedhani kuna msiba, akaja na moja mkononi na khanga mabegani.

Tukazisuuza ndoo zote kwa maji ya moto, tukazipoza, kisha tukagawa rojo kwenye ndoo tisa, kila moja lita 15 au 16 ili kofia ipate nafasi ya kupanda bila kumwagika. Tukazihamisha kutoka ukuta wa jiko mpaka upande wa pili wa chumba, sakafuni kwenye saruji, zimeachana kidogo hewa ipite. Dirisha tukalifungua lote. Na dirisha hilo si la ubaridi peke yake, tafadhali nisikilizeni: hewa ya ukaa inayotoka kwenye mvinyo ni nzito, inatulia chini, na haina harufu ya kukustua. Chumba kilichofungwa chenye pipa linalochachuka si mahali pa kulala mtu. Mtoto mmoja wa pale alikuwa analala chumba hicho hicho, na usiku ule ule akahamishwa na godoro lake.

Katibu wa kamati alikaa kwenye kigoda mpaka saa tisa usiku, anauliza kila baada ya dakika kumi kama tuagize bia kabisa. Shangazi hakumjibu.

Alfajiri, nje kukiwa na ukungu na nyuzi 16, nilipita ndoo moja baada ya nyingine. 25, 24, 25, 25, 24. Hakuna iliyovuka 25. Hewa bado inachomoza, maganda bado yamesimama, harufu ni ya plamu na mkate mpya. Jirani alipopita na kusalimia "Onga maundo," shangazi aliitikia kwa furaha iliyomfanya yule mama asimame kuuliza kuna nini.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kuzamisha kofia kwa mwiko wa mbao ili maganda yalowe, joto lisambae na ukungu usipate pa kuota. Kupima kabla ya kuzamisha na baada ya kuzamisha. Kabla unapata homa halisi ya kofia, baada unapata wastani wa ndoo nzima. Siku ya tatu ndoo mbili zilizokuwa karibu na dirisha zilishuka mpaka 19 usiku, shangazi akazifunika blanketi. Maana hilo nalo lipo. Ukitengeneza Julai kule Lushoto, usiku unakaribia nyuzi 10, tatizo lako si homa, ni usingizi. Hamira inajikunja na kulala, na wewe unadhani mvinyo umemaliza. Wakati huo ukuta wa jiko ni rafiki. Shangazi alikuwa ameuzoea kama rafiki wa miezi yote, na kwa ndoo ulikuwa rafiki kweli.

Wewe wa Dar unayesoma hapa chumbani Sinza au Mbagala, habari ni nyingine tena. Chumba chako kinaamka na nyuzi 28 na kulala na 30. Huna mlima wa kukusaidia. Tumia chombo kidogo, kiweke ndani ya beseni la maji, funika chombo kwa taulo lililolowa linalogusa yale maji, na badilisha chupa zilizogandishwa asubuhi na jioni. Au subiri Julai. Na ukimaliza, kunywa na wenzako. Kuuza ni habari ya leseni na watu wa viwango. Kuchemsha ili kupata kitu kikali usithubutu, hiyo ni gongo, na polisi hawataki kusikia habari za plamu.

Siku ya nane kofia zilianza kuzama zenyewe na vipimo vikalingana na joto la chumba, dalili kwamba karamu ya hamira imekwisha. Tukakamua kwa kitambaa, tukaweka kwenye madumu, kila dumu na mpira wa dripu uliozamishwa kwenye chupa ya maji ili hewa itoke bila kuingia. Yakahamishiwa kwenye vyombo safi mara mbili kuacha masimbi chini. Kufikia sendofu, mvinyo ulikuwa bado mchanga, una ukali kidogo kwenye ulimi, lakini rangi yake ilikuwa ya damu ya mzee na ukumbini hakuna meza iliyobakisha. Baba mkwe aliomba chupa ya kuondoka nayo. Deni la kikoba limelipwa, nimeonyeshwa daftari.

Kipimajoto changu sijakiona tangu siku ile. Kila nikipiga simu kukiulizia, shangazi ananijibu kwamba mtandao wa kule juu unasumbua, mwanangu, sikusikii vizuri. Binamu yangu ndiye aliyenitobolea siri: kimening'inizwa kwa uzi kando ya kalenda ya chumba cha nyuma, na kalenda yenyewe imejaa namba, mbili asubuhi, mbili jioni. Na msimu uliopita mzee wa kijiji cha pili alikuja kukiazima, akaambiwa aache kwanza kuku mmoja kama dhamana.